Gesi, umeme au petroli: jibu kwa dereva wa bajaji wa Makorora

Swali: Naendesha bajaji ya petroli Tanga mjini. Tajiri nampelekea hesabu ya shilingi 15,000 kwa siku, mafuta juu yangu, na kila siku yananila 11,000 hadi 12,000. Wenzetu wa Dar es Salaam wamefunga gesi na wanasema wamepumua. Kuna fundi hapa anasema anaweza kunifungia mtungi. Tajiri naye anafikiria kuleta bajaji ya umeme. Wazee wa kijiweni wanasema tusubiri bomba la Chongoleani limalizike, petroli itashuka yenyewe. Nishike lipi? Na serikali ingetakiwa ituelekeze wapi watu wa Tanga? – Dereva, Makorora.

Jibu: Kaka, tuanze na huyo fundi, maana hapo ndipo penye hatari. Muulize swali moja tu: gesi ipi? Gesi wanayotumia bajaji za Dar es Salaam ni gesi asilia iliyoshindiliwa, ile inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Huwekwa kwenye mtungi mnene wa chuma kwa mgandamizo wa bar 200. Mtungi wa jikoni una gesi nyingine kabisa, ya kimiminika, ambayo kwa joto letu hukaa kwenye mgandamizo usiofika hata bar 15. Vitu hivi viwili havibadilishani mtungi, bomba wala regyuleta. Kama fundi wako anakusudia kufunga mtungi wa jikoni nyuma ya kiti cha abiria, kataa. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi ikapotea, inatulia sakafuni miguuni mwa abiria ikingoja cheche. Valvu ya mtungi ule imetengenezwa kwa mtungi uliosimama jikoni, na haikukusudiwa kutikiswa kwenye makorongo kutwa nzima. Ukilala, kinachotoka ni kimiminika badala ya mvuke. Hakuna hesabu ya akiba inayolipia hatari hiyo.

Na kama anakusudia gesi asilia yenyewe, kazi ya kuifunga inajulikana na injini ya bajaji inaikubali vizuri. Kunakuwa na mtungi wenye muhuri wa kupimwa, valvu ya kujazia, bomba la chuma la mgandamizo mkubwa, regyuleta ya kushusha mgandamizo, kichanganyio cha gesi na hewa, na swichi ya kukurudisha kwenye petroli gesi ikiisha. Nguvu ya injini hupungua kidogo, kama sehemu moja ya kumi, nawe utaihisi ukiwa na abiria watatu kwenye mwinuko. Mtungi hupimwa upya kila baada ya miaka michache kwa maji yenye mgandamizo mkubwa kuliko wa kazi. Wanaofunga mtungi uliotumika bila kujua ulipimwa lini wanabeba bomu.

Kwa Dar es Salaam hesabu yake ni tamu. Kilo moja ya gesi asilia ina nguvu kama ya lita moja na nusu ya petroli. Bajaji inayokwenda kilomita 25 kwa lita mjini itakwenda takriban 37 kwa kilo. Kwa bei ya shilingi 1,550 kwa kilo, ambayo ndiyo madereva wa Dar wameizoea, kilomita 100 zinagharimu kama 4,150. Petroli kwa kilomita hizo hizo ni lita 4, na tukichukulia lita ni 2,900, unatoa 11,600. Ndiyo maana wanavumilia foleni ndefu kwenye vituo vya gesi.

Lakini wewe uko Tanga. Bomba kubwa la gesi lililoanza kazi mwaka 2015 linatoka Mtwara na kuishia Dar es Salaam. Mtungi wa lita 30 wa bajaji huchukua kama kilo 5, yaani kilomita 180 hivi. Ukijaza Dar ukaanza safari ya kurudi nyumbani, gesi itakuishia kati ya Chalinze na Segera. Kufunga gesi mahali ambapo huwezi kuijaza ni kununua mzigo wa chuma wa kuutembeza mjini. Makubaliano ya awali ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam kwenda Mombasa yalitiwa saini Nairobi Mei 2021, na bomba la namna hiyo kupita ukanda wetu ni jambo la kawaida kulitarajia. Ila karatasi iliyosainiwa haijazi mtungi. Siku utakapoona kituo kimefunguliwa Tanga na bajaji zinajaza, rudi kwenye hesabu ya juu, itakuwa bado nzuri.

Sasa bomba la Chongoleani. Wazee wana haki ya kulijivunia, lakini wanalichanganya na kitu kingine. Bomba lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaleta mafuta ghafi. Ni mafuta mazito yenye nta, ambayo hulazimika kubaki na joto la nyuzi 50 na zaidi yasigande, ndiyo sababu bomba lenyewe limevalishwa koti la kuhifadhi joto na nyaya za kulipasha. Yakifika Chongoleani yanaingia kwenye matangi, kisha melini, yanakwenda kuuzwa nje. Tanga hakuna kiwanda cha kuyageuza kuwa petroli, na kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta miaka mingi iliyopita. Petroli unayojaza sheli itaendelea kuja kwa meli kutoka nje, na bei kikomo yake itaendelea kutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kufuata bei ya dunia, dola, gharama za kuleta na kushusha, na kodi zetu wenyewe. Agosti 2022 lita ilipita shilingi 3,400 hata baada ya serikali kuweka ruzuku. Julai 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwenye bajeti. Hayo mawili yanakugusa kuliko bomba lote la Chongoleani. Kusubiri lishushe bei ni kusubiri embe chini ya mnazi.

Kwa hiyo yanabaki petroli na umeme, na hapa ndipo nataka tukae kwa utulivu, kwa sababu wazo la tajiri wako ni zuri lakini linaweza kuwaumiza nyote wawili likifanywa kwa haraka.

Betri hupimwa kwa uniti zilezile za LUKU. Bajaji ya umeme yenye abiria, kwenye mji wa tambarare kama huu wetu, hula takriban uniti 6.5 kwa kilomita 100. Chaja na betri hupoteza sehemu kwa joto, kwa hiyo kwenye mita zitasomeka kama uniti 7.5. Kwa bei ya kundi la T1, yaani la watumiaji wa kawaida, ambayo pamoja na kodi na tozo zake ni kama shilingi 356 kwa uniti, unalipa 2,670. Wauzaji wengi wanaishia hapo: petroli 11,600, umeme 2,670, nunua. Wanaacha betri nje, na betri ndiyo mafuta yako uliyoyalipia mbele.

Tuiingize. Chukulia betri ya lithiamu fosfeti ya uniti 7 au 8 inauzwa milioni 3. Wewe weka bei halisi utakayopewa. Karatasi za kiwandani huandika kwamba inachajiwa mara 2,000 kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa joto la pwani mimi nahesabu 1,500. Milioni 3 kugawa kwa 1,500 ni shilingi 2,000 kwa kila chaji, yaani kwa kila siku ya kazi. Hiyo 2,000 iwekwe kando kuanzia siku ya kwanza, kwenye akaunti au kibubu kisichofunguliwa, la sivyo mwaka wa tano bajaji itageuka banda la kuku. Sasa gharama yako ya kweli ni 4,670 dhidi ya 11,600. Bado unabaki na karibu 6,900 kwa siku, na hapo sijataja oili, plagi, klachi na kebo ambazo huzihitaji tena.

Betri za maji, zile za risasi, zikatae hata ukipewa kwa mkopo. Tano za volti 12 na ampea-saa 100 zinaandikwa uniti 6, lakini ukizitumia zaidi ya nusu zinakufa upesi, kwa hiyo unachopata ni uniti 3, kilomita 46. Uzito wake unakaribia kilo 150, yaani umebeba abiria wawili wasiolipa nauli. Baada ya mwaka mmoja hivi utaanza kuzima njiani kabla ya adhuhuri. Bajaji nyingi za umeme zenye sifa mbaya zimechafuliwa jina na betri hizi.

Hata ya lithiamu, usinunue inayokutosha kwa kubana. Betri ya volti 64 na ampea-saa 110 ni uniti 7. Ikiwa mpya itakupa kilomita 100 na kidogo, ikishuka hadi asilimia 80 itakupa 86. Kama siku yako ni kilomita 100 kamili, ama chukua ya uniti 8, ama jipangie kuchaji mchana. Saa moja na nusu ya swala ya adhuhuri na chakula, kwa chaja ya kawaida ya kama kilowati 1.2 zinazoingia kwenye betri, inakurudishia uniti 1.8, yaani kilomita 27 hivi. Inatosha kukumalizia jioni ya Kange na mjini. Ukipata abiria wa Muheza au Pangani mpe mwenzako wa petroli. Usijaribu.

Kuna jambo la LUKU ambalo muuzaji wa bajaji hatakwambia kwa sababu hana habari nalo. Familia nyingi zinazotumia umeme kidogo ziko kundi la D1: uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipwa takriban shilingi 122 kila moja pamoja na kodi, na zinazozidi hupanda hadi 427. Kuchaji siku 26 ni uniti 195. Ukichomeka nyumbani, mwezi wa kwanza unavuka kikomo, na ukiendelea hivyo TANESCO inakuhamishia T1 na taa zako zote. Familia iliyokuwa inatumia uniti 60 kwa 7,320 itazilipa 21,360. Hiyo ni 14,040 zaidi kwa mwezi, na mama watoto ataiona kabla yako. Bado umeme unashinda petroli, lakini ni fedha, na unaweza kuikwepa. Chaji kwenye fremu ya duka ambayo tayari iko T1, kwa makubaliano ya kuhesabu uniti. Au mkiwa wanne wa kijiwe kimoja, vuteni mita moja ya kuchajia. Kuunganishwa mjini kwa njia moja ndani ya mita 30 kumekuwa shilingi 320,960. Kwa wanne ni 80,240 kila mtu, inarudi ndani ya miezi sita. Chaja nne zikichomekwa kwa pamoja zinavuta ampea kama 24, kwa hiyo waya mkuu uwe wa milimita za mraba 6, kila soketi iwe na breka yake, na ardhini pachimbwe nondo ya shaba kweli, si msumari.

Kinachoharibika Tanga kwanza ni viungio vya umeme, kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kiungio cha betri kikianza kupata ukungu wa kijani, ukinzani unapanda, kinapata joto, plastiki inayeyuka, na siku moja bajaji inakata moto katikati ya barabara. Kila wiki kipapase kwa nyuma ya vidole baada ya kazi: kikiwa cha moto kuliko waya wenyewe, kifunguliwe, kisafishwe, kipakwe grisi ya umeme, kikazwe. Cha pili ni kontrola, lile sanduku linaloongoza mota. Kwenye bajaji nyingi limewekwa chini karibu na ekseli, na masika maji yakijaa mitaani linameza maji. Dai lihamishiwe chini ya kiti kabla hujalipa. Cha tatu ni kuchaji betri ingali na joto. Ukirudi saa mbili usiku, iache ipoe hadi saa nne, kisha chomeka. Saa kumi alfajiri imejaa. Ukichomeka saa mbili unaunguza miezi ya maisha yake, na mara nyingi saa hizo umeme huwa mdogo kwa sababu mtaa mzima umewasha. Na hakikisha uniti zipo kabla ya kulala. LUKU ikikata saa nane usiku, asubuhi huna kazi.

Siku ya kununua, jaza betri, soma mita ya LUKU, panda na watu watatu wazima, zunguka barabara zote za Ngamiani na kwenda Kange na kurudi hadi zifike kilomita 50, kisha chaji tena usome mita. Uniti ulizotumia gawa kwa kilomita. Ikizidi 0.09 kwa kilomita, ama mota ni mbovu ama betri si ile iliyoandikwa. Taka kadi ya bajaji yenye namba ya chasisi inayolingana na chuma, na dhamana ya betri iliyoandikwa kwa miaka na kwa asilimia ya uwezo. Dhamana inayosema “miaka mitatu” tu haina maana, maana muuzaji atakwambia bado inawaka.

Halafu kuna wewe na tajiri. Kwenye mfumo wa hesabu, chombo hununua tajiri na mafuta hununua dereva. Umeme ukija, gharama kubwa inamwangukia yeye na akiba yote inakuangukia wewe, na hapo ndipo mipango mingi ya bajaji za umeme hukwama kijiweni. Mwendee na pendekezo: hesabu ipande kutoka 15,000 hadi 19,000. Katika ile 4,000, 2,000 ni ya kibubu cha betri na 2,000 ni ya kumrudishia nyongeza ya bei ya chombo. Wewe ulikuwa unatoa 11,600 ya petroli, sasa unatoa 2,670 ya umeme na 4,000 ya nyongeza. Unabaki na 4,930 ambayo hukuwa nayo. Muandikiane kwamba kibubu ni cha betri, na mkiachana kinabaki na bajaji. Kama mko kwenye mkataba wa kuishia chombo kuwa chako, kibubu kiwe chako tangu mwanzo, na betri ipimwe kilomita zake siku unayokabidhiwa kadi, usije ukamaliza mkataba ukarithi betri iliyokwisha.

Kwa upande wa serikali, maoni yangu ni haya. Gesi asilia ni sera nzuri kwa Dar es Salaam na kusini, kwa sababu bomba lipo. Kuifanya kuwa jibu la nchi nzima ni kuusahau ukweli kwamba mikoa haifanani. Tanga tuko mbali na gesi lakini tumekaa juu ya umeme. Mto Pangani unazungusha mitambo ya Hale yenye megawati 21 na ya Pangani megawati 68 humuhumu mkoani, na tangu mashine za bwawa la Julius Nyerere zianze kuwaka mwaka 2024, zenye jumla ya megawati 2,115 kwa mashine tisa, taifa lina umeme ambao usiku wa manane hauna wa kuutumia. Bajaji huchaji usiku wa manane hasa. Ningetaka EWURA na TANESCO waweke bei ya kuchajia ya saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri, kwenye mita yake yenyewe, ili mtu asiadhibiwe taa za watoto kwa kuwa amechomeka bajaji. Jambo hilo halihitaji bomba wala mkopo kutoka nje.

Jiji la Tanga nalo lina uwezo wa kutosha. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa bila riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ingeweza kutolewa kwa vikundi vya madereva kwa sharti moja gumu: betri ya lithiamu yenye dhamana ya maandishi, la sivyo hakuna mkopo. Mkopo wa kununulia betri za risasi utakufa na betri zenyewe, na kikundi kitaitwa wadaiwa sugu kwa kosa la aliyeidhinisha. Soketi kumi zenye mita pale Kange na nyingine karibu na soko la Mgandini zingesaidia kuliko semina.

Wapo watakaosema barabara zitajengwa na nini, kama tozo ya mafuta ndiyo inayolisha Mfuko wa Barabara na sisi tunahamia umeme. Hoja hiyo ni ya haki na siidharau. Anayetumia barabara lazima aichangie, na ikifika siku bajaji za umeme ni nyingi, ichukuliwe ada kidogo kwenye leseni ya mwaka. Lakini kumtoza leo yule wa kwanza anayethubutu ni kumwambia abaki na petroli, inayonunuliwa nje kwa dola.

Wewe kwa wiki hii, andika kilomita zako kila siku kwa siku saba pamoja na lita ulizojaza. Ukikuta ni chini ya 60 kwa siku, akiba ya umeme itakuwa ndogo mno kulipia tofauti ya bei, baki na petroli, safisha kabureta na ujaze upepo wa tairi ipasavyo. Ukikuta ni 80 na kuendelea, peleka daftari hilo kwa tajiri pamoja na hesabu ya 19,000.